UZI: Kusafisha na kutunza mtutu wa .22 ya shabaha bila kuua usahihi wake

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila hoja ya usafi wa bunduki za .22 za shabaha (zile za risasi ndogo, kipenyo cha karibu inchi 0.22) ikiibuka, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosugua mtutu kila wakitoka kulenga, hawatulii mpaka kitambaa kitoke cheupe. Wapo wanaosema mtutu wa .22 haupitishwi fimbo ya kusafishia kamwe, uachwe na nta inayoachwa na risasi. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na bunduki nyingi nzuri zimeharibika kwa sababu mwenye nayo alishika nusu moja akaiacha nyingine.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge. Sehemu inayodai usafi wa uhakika ni chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na sentimita chache za mwanzo za mtutu mbele yake. Kutoka hapo hadi mdomoni, mtutu unataka kuguswa kwa upole na kwa nadra. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunasugua urefu wote kwa nguvu, halafu pale kwenye uchafu wenyewe tunapita haraka.

Tuanze na risasi, maana bila kuielewa huwezi kuelewa uchafu wake. .22 Long Rifle ilitoka Marekani mwaka 1887 kwa kampuni ya Stevens, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kichwa chake, yaani kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, ni madini ya risasi, kina uzito wa karibu gramu 2.6, na kimepakwa nta au grisi kwa nje. Kwenye risasi za mashindano hakina koti la shaba. Kinatoka mdomoni kwa mwendo wa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Hiyo ni makusudi, kwa sababu kichwa kinachotoka juu ya mwendo wa sauti kisha kikashuka chini yake kikiwa njiani huyumbishwa.

Kwa mtutu, maana yake ni kwamba joto na shinikizo ni vidogo, na kinachopita ndani ni laini kuliko chuma. Mtutu mzuri wa .22 hupitisha makumi ya maelfu ya risasi ukiwa bado unashindana. Ukiona umechakaa mapema, ichunguze fimbo kabla ya kulaumu risasi. Na zile dawa kali za amonia zinazotumika kwenye bunduki kubwa kuyeyusha shaba hazina kazi hapa, kwa kuwa hakuna shaba ya kuyeyusha. Risasi za mwendo kasi zenye ngozi nyembamba ya shaba ni habari nyingine, na kwenye mashindano hazitumiki sana.

Sasa nta. Kila kichwa kinapopita kinaacha utando mwembamba, na kinachofuata kinateleza juu ya utando ulioachwa na wenzake. Baada ya risasi kadhaa, nta inayowekwa na nta inayofutwa vinakuwa sawa, mtutu unatulia, na matundu kwenye karatasi ya shabaha yanaanza kukaa pamoja. Ukisafisha hadi chuma kikabaki kitupu, umerudi mwanzo. Ndiyo maana risasi za kwanza baada ya usafi mkubwa hutawanyika. Ndiyo maana pia ukibadilisha aina ya risasi unahitaji kupiga kadhaa kabla ya kuihukumu: nta ya kiwanda kimoja ni kavu, ya kingine ina mafuta mengi, na mtutu unapaswa kuvua koti la zamani na kuvaa jipya. Nimewaona watu wakikataa sanduku zuri la risasi kwa kuangalia matundu matano ya mwanzo, ambayo yalipigwa juu ya nta ya sanduku lililotangulia.

Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ya wale wasiosafisha. Nusu ya pili iko pale mwisho wa chemba.

Fataki ya .22, ile dawa inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda, imeenezwa ndani ya ukingo wake. Mchanganyiko wake katika risasi nyingi una unga wa kioo, ambao kazi yake ni kuleta msuguano pini inapobonyeza ukingo. Baruti ikiwaka, unga huo, masizi na chembe za baruti zisizoungua vinarushwa mbele na kugonga palepale ganda linapoishia na mifereji ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa, inapoanza. Joto linavioka. Kidogo kidogo inajengeka pete ya kaboni, ngumu na nyeusi, ambayo kitambaa chenye mafuta kinapita juu yake bila kuigusa.

Kwenye chemba ya mashindano pete hiyo ni adui wa kweli. Chemba hizo zimechongwa kwa kubana, kiasi kwamba bolti, yaani kile kifungio cha nyuma ya chemba, inapofungwa kichwa kinasukumwa kikaanza kuuma mifereji. Kikikuta pete, kinabanwa upande mmoja kuliko mwingine au kinakwanguliwa kabla hata hujagusa triga. Kwa umbali wa mita 50, duara la kumi, lile la alama ya juu, lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kichwa kilichoanza safari kimepinda hakina msamaha hapo.

Dalili zake zinajulikana. Bolti inaanza kuwa nzito kufungwa. Risasi moja moja inatoroka kundi bila upepo wala kosa la mpigaji. Ukiitoa risasi ambayo hukuipiga, unakuta kichwa chake kina mikwaruzo au alama ya duara isiyolingana pande zote. Ukiona mambo hayo matatu kwa pamoja, weka bunduki chini usafishe, usihangaike na darubini.

Naendelea na namna ya kusafisha kwenye bandiko linalofuata.

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Kabla ya yote: toa risasi, toa bolti, angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Sanduku la risasi lisiwepo kwenye meza unayofanyia usafi. Hili halina mjadala kwangu, hata kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Vifaa. Fimbo iwe ya kipande kimoja, ya chuma kisichoshika kutu au iliyofunikwa plastiki laini, yenye mpini unaozunguka wenyewe ili kitambaa kifuate mzunguko wa mifereji. Fimbo za vipande vya alumini zinazouzwa kwenye vikasha vya bei rahisi ziwekwe mbali na mtutu wa shabaha. Viungo vyake vina kingo, zinapinda katikati, na alumini ni laini kiasi cha kunasa chembe za mchanga na ule unga wa kioo. Fimbo ya namna hiyo inageuka msasa, na unaivuta na kuirudisha ndani ya kitu ulichokilipia kwa sababu ya unyoofu wake.

Pamoja na fimbo unahitaji bomba la kuongozea, lile linaloingia mahali pa bolti na kukaa kwenye chemba. Kazi yake ni kuifanya fimbo iingie katikati ya mtutu bila kulala kwenye mwanzo wa mifereji, na kuzuia dawa isimwagike kwenye triga. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha maana, nunua bomba hilo. Fimbo bora inayoingia kwa kupinda inaharibu kuliko fimbo ya wastani inayoongozwa vizuri.

Brashi iwe ya bronzi au nailoni, kamwe isiwe ya chuma. Vitambaa vya pamba vilivyokatwa kwa kipimo cha .22, au vile vizibo vya sufi iliyoshindiliwa vinavyosukumwa kwa fimbo, ambavyo mimi navipenda kwa kazi ya kila mara kwa sababu vinajaza mtutu sawasawa pande zote.

Bunduki ilale kwenye kishikizo, mdomo ukiwa chini kidogo kuliko chemba, ili dawa itiririke kuelekea mdomoni. Dawa ikirudi nyuma inaingia kwenye triga na chini ya mtutu, pale chuma kinapokaa kwenye kitako. Mbao ikinywa dawa hapo inalainika, na usahihi unaondoka kwa njia ambayo hakuna brashi itakayourudisha.

Usafi wangu wa kawaida baada ya kulenga ni mfupi. Nafuta uso wa bolti na chini ya ile kucha inayovuta ganda, maana nta na masizi hujificha hapo na kuizuia kushika. Napitisha kitambaa chenye dawa kidogo kwenye chemba pekee kwa kijiti kifupi, nakizungusha, nakausha. Halafu kizibo kimoja cha sufi chenye dawa kutoka chemba hadi mdomoni, viwili au vitatu vikavu vikifuata, basi. Kila kizibo kinaangukia nje mdomoni, hakirudishwi ndani na uchafu wake. Sijali kama cha mwisho kina kivuli cha kijivu.

Usafi mkubwa ni pale dalili za pete zinapoonekana, au kwa mujibu wa idadi ya risasi ambayo mtutu wako mwenyewe umekufundisha. Unalowesha sentimita chache za mbele ya chemba kwa dawa ya kuondoa kaboni, unaiacha ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha unaingia na brashi ya bronzi. Hapa nasisitiza jambo ambalo wengi hulipuuza: brashi ipite yote hadi itoke mdomoni ndipo uirudishe. Ukiigeuza njia ikiwa ndani, nyuzi zake zinajikunja kinyume na kukwama. Na inapotoka mdomoni, usiiache idondoke kwa uzito wa fimbo ikagonga ukingo wakati wa kurudi. Mipito michache inatosha. Kisha vitambaa, kisha uangalie. Kama pete bado ipo, rudia kulowesha badala ya kuongeza nguvu ya mkono. Acha dawa ifanye kazi, wewe huna haraka.

Ukingo wa mdomo ndio mahali pa mwisho kichwa kinapoguswa na chuma. Ukiwa na jeraha dogo tu, gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kukisukuma kichwa. Kwa hiyo fimbo iingie kutoka nyuma, siku zote, kwa kila bunduki inayoruhusu hivyo.

Karibuni kwa michango.

DuaraLaKumi

Mkuu, uzi umetulia, ila mimi ni wa lile kundi la pili na sijashawishika. Bunduki yangu ya bolti sijaipitisha fimbo muda mrefu sana na bado inaweka matundu pamoja. Risasi za sasa haziozeshi chuma, nta inalinda mtutu. Unaposafisha ndipo unapoleta hatari ya fimbo. Kwa nini niingize chuma ndani ya kitu kinachofanya kazi?

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Mkuu DuaraLaKumi, hoja yako ina uzito na nitaijibu kwa sehemu.

Kuhusu kuozesha uko sahihi kwa risasi za sasa. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua inaacha chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa. Mtutu ulioachwa usiku kucha ulikuwa unaamka na kutu, na mafuta hayakusaidia kwa kuwa chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ilibidi mtu amwage maji ya moto ndani. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda, Remington kwa Marekani na RWS kwa Ujerumani, vilileta fataki zisizo na chumvi hiyo, na hofu ile ikaisha. Wazee waliosisitiza usafi wa kila jioni walikuwa na sababu, ila sababu yenyewe imeondoka.

Ila nta hailindi mwisho wa chemba dhidi ya kaboni. Nta yenyewe inashiriki kuijenga pete, maana inaungua pamoja na masizi. Na bunduki yako kuendelea kuweka matundu pamoja kunaweza kuwa na maelezo rahisi: chemba yake ni pana. Bunduki nyingi za kawaida zina chemba iliyoachiwa nafasi ili zipokee risasi za kila aina, na kichwa hakigusi mifereji bolti inapofungwa. Hizo huvumilia pete kwa muda mrefu. Chemba ya mashindano haivumilii hivyo.

Kwa hiyo sikushauri usugue mtutu wako. Nakuomba ufanye jaribio dogo: piga makundi kadhaa ya risasi kumi kumi leo jinsi ilivyo, safisha chemba na zile sentimita za mwanzo tu, piga risasi za kutuliza mtutu, halafu piga makundi mengine kwa sanduku lilelile na hali ya hewa ileile. Yaweke karatasi mezani pamoja. Kundi moja la risasi tano halisemi kitu hapa, kwa sababu hata mtutu mchafu hubahatika.

Bado_Najifunza

Samahani wakuu, swali la mgeni. Baada ya usafi mkubwa nipige risasi ngapi kabla ya kuamini bunduki? Na siku ya mashindano nisafishe usiku wa kuamkia au niache?

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Karibu sana ndugu, wala usiombe samahani.

Hakuna idadi moja. Kuna mitutu inayotulia kwa risasi tano, kuna inayotaka ishirini au zaidi. Inategemea ulaini wa mtutu ndani, aina ya nta na ulisafisha kwa kina gani. Njia ya kujua ni kupiga baada ya usafi kwenye karatasi yenye shabaha nyingi ndogo, risasi mbili mbili kwa kila shabaha kwa mpangilio, uone ni wapi matundu yanaacha kutangatanga. Fanya hivyo zaidi ya mara moja, uandike. Ukishaijua tabia ya mtutu wako haitabadilika sana kwa risasi zilezile.

Kwa mashindano, mimi nasafisha chemba na kupitisha kizibo kimoja, kisha naacha. Usafi mkubwa nafanya mapema, nikiwa bado na nafasi ya kwenda kulenga na kuurudisha mtutu katika hali yake. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, zinakupa dakika 15 za maandalizi na risasi za majaribio kabla ya hesabu kuanza, na hapo unaweza kupiga za kutosha. Lakini dakika hizo zina kazi nyingine: kusoma upepo, kukaza mkanda, kurekebisha pumzi. Ni hasara kuzitumia kutuliza mtutu uliousugua jana.

Kitu kingine ambacho wageni hawaambiwi ni kwamba mtutu ukipumzika katikati ya shindano, hasa kukiwa na baridi, nta iliyomo ndani hukakamaa. Risasi ya kwanza baada ya mapumziko marefu inaweza kwenda kwingine. Kama kanuni za shindano lako zinaruhusu kurudi kwenye shabaha ya majaribio, irudie kabla ya kupiga ya alama.

Mlalo50

Naongeza kwa mleta uzi. Wengi wanakimbilia usafi wakati tatizo ni skrubu. Skrubu zinazoshika mtutu na kitako zikilegea, au kishikizo cha darubini kikicheza, matundu yanatawanyika sawasawa na mtutu mchafu. Nilimsaidia mwenzangu aliyekuwa amemaliza chupa nzima ya dawa, na skrubu ya mbele ya bunduki yake ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Umenena vema Mlalo50. Utaratibu wangu matundu yakitawanyika ni skrubu kwanza, kwa spana ya kupimia nguvu na kipimo alichotoa mtengenezaji. Halafu darubini au vionea vyake. Halafu nabadilisha sanduku la risasi, maana masanduku ya jina lilelile yaliyotengenezwa siku tofauti hutofautiana waziwazi katika mtutu mmoja. Mtutu unakuja wa nne, isipokuwa dalili za pete ziwe wazi.

FimboMoja

Mkuu, vipi madini ya risasi yaliyogandia ndani? Nina bunduki ya mitumba, kitambaa kikibana kinakwaruza karibu na mdomo na kinatoka na vipande vya kijivu vinavyong'aa. Fundi mmoja kaniambia nitumie dawa ya kung'arishia mtutu wote.

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Hapo subiri kwanza, usiguse hiyo dawa ya kung'arisha.

Madini ya risasi yanagandia pale nta inapokuwa imekwisha au chuma kinapokuwa na mikwaruzo. Karibu na mdomo ni mahali pake pa kawaida kwenye mtutu ulioguswa na kutu au uliochongwa vibaya, kwa sababu nta ya kichwa imeshatumika njiani. Zungushia brashi iliyochakaa nyuzi chache za sufi ya bronzi, pitisha kwa mwendo mmoja mmoja na dawa ya kuondoa madini ya risasi, utaona vipande vinatoka. Kama mtutu ni laini, tatizo litaisha na halitarudi haraka. Likirudi baada ya risasi chache, kuna shimo la kutu au mkwaruzo hapo, na huo ni uamuzi wa fundi mwenye kamera ya kuchungulia ndani.

Kuhusu kung'arisha, elewa jinsi mtutu wa shabaha ulivyo. Mingi mizuri imebanwa kidogo sana kuelekea mdomoni, yaani kipenyo kinapungua kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini kitambaa kinachobana kinakihisi. Kubanwa huko ndiko kunakokishika kichwa sawasawa hadi sekunde ya mwisho. Dawa yenye chembe za kusugua ikipitishwa urefu wote inakula pale panapobana zaidi, na panapobana zaidi ndipo palipo na thamani. Mtutu hauongezewi chuma. Ukikila, kimekwenda.

Kama utalazimika kutumia dawa ya chembe kwa pete ya kaboni iliyokataa kila kitu, iwe kwenye sentimita chache mbele ya chemba tu, kwa kitambaa kilichozungushiwa brashi kuukuu, mipito michache, kisha usafishe chembe zote zitoke. Na fimbo uiwekee alama ya utepe ili ujue isipite wapi.

FimboMoja

Asante mkuu. Nimekuelewa, naenda na sufi ya bronzi kwanza. Nikiona pamerudi nampeleka fundi mwenye kamera.

Bado_Najifunza

Na kamera zile ndogo za kuunganisha na simu, zinafaa?

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Zinafaa sana, kwa sharti moja: zitazame pamoja na karatasi ya shabaha, zisitazamwe peke yake. Kamera inakuza kila kitu. Alama za chombo kilichochonga, vivuli vya nta, vidoa vya kijivu, vyote vitaonekana kama janga, na mtu anaanza kusugua mtutu unaopiga kumi. Kitu ninachokitafuta mimi ni pete pale mwanzo wa mifereji, na hali ya sakafu ya mtutu, upande wa chini, mbele kidogo ya chemba. Chembe za kioo na masizi hulala chini kwa uzito wake, na kichwa kinachofuata kinapita juu yake. Kwenye mitutu iliyopiga risasi nyingi mno ndipo kula kwa chuma kunapoonekana kwanza. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kufuta sehemu ile kila mara: chembe zilizofutwa leo hazitasagwa kesho.

DuaraLaKumi

Nimerudi. Nimechungulia kwa kamera ya mwenzangu na pete ipo, nyeusi kabisa, upande wa chini nene kuliko juu. Bolti sikuwahi kuhisi nzito. Nitafanya lile jaribio la makundi kumi kumi na nitaweka karatasi hapa. Swali: niliwahi kupiga .22 Short nyingi kwenye bunduki hii. Ina uhusiano?

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Ina uhusiano, mkuu, na nashukuru umelitaja. Ganda la .22 Short ni fupi, kwa hiyo masizi yake yanajenga pete nyuma zaidi, ndani ya chemba yenyewe, mahali ambapo ganda la Long Rifle linapaswa kukaa. Ukirudi kwenye Long Rifle, ganda linakuta kizuizi, linaingia kwa shida au halivutiki likishapigwa. Lowesha chemba nzima, pitisha brashi ya bronzi iliyo kubwa kidogo kuliko ya mtutu kwa kijiti kifupi, uizungushe, ufute. Usianze jaribio kabla ya hapo.

Ukiwa hapohapo, tazama ukingo wa chemba pini inapogonga. Bunduki ya aina hii ikifyatuliwa bila kitu ndani, kwenye baadhi ya miundo pini inagonga chuma cha chemba na kuacha kishimo chenye kinundu kinachoingia ndani. Kinundu hicho kinakwaruza kila ganda. Anayefanya mazoezi makavu, yaani kufyatua bila risasi, atumie kifaa alichopendekeza mtengenezaji.

Mlalo50

Kwa wenye bunduki za kujirudia zenyewe ambazo huwezi kuingiza fimbo kutoka nyuma, mnafanyaje? Mimi natumia kamba.

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Kamba ni sawa, nami nashauri kamba kuliko fimbo kutoka mdomoni. Ivute ikiwa imenyooka na mtutu. Ikilalia upande mmoja wa mdomo kila mara, baada ya muda inachonga njia yake kwenye ukingo, hasa ikiwa imebeba mchanga. Ifue mara kwa mara kwa maji na sabuni. Kama ni lazima fimbo iingie mdomoni, weka kile kikombe cha plastiki kinachoishika katikati, na usitumie brashi, kitambaa kinatosha. Bunduki hizo zinakusanya masizi zaidi kwenye mwili wake kuliko kwenye mtutu, kwa hiyo nguvu uipeleke huko.

Bado_Najifunza

La mwisho kutoka kwangu: kuhifadhi. Nipo sehemu yenye unyevu mwingi hewani.

Mtunzamtutu (mleta uzi)

Kwenye unyevu mwingi, usiiache bunduki ndani ya begi lake la sponji. Sponji inashika maji na kuyalaza kwenye chuma. Ifute nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, pitisha kitambaa kimoja chenye mafuta mepesi ndani ya mtutu, na uisimamishe mdomo ukiwa chini au uilaze, ili mafuta yasishuke kwenye mbao na triga. Mdomo usiuzibe kwa kitu chochote, unafungia unyevu ndani, na mwenye kusahau kizibo kabla ya kupiga atapasua mtutu. Weka vifuko vya kukausha hewa kabatini na uvibadilishe vikishiba. Hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu kinashika, kinachelewa tu.

Kabla ya kupiga, toa mafuta yote kwa vitambaa vikavu, ukianza na chemba. Mafuta yaliyobaki ndani yanatupa risasi za kwanza mbali kabisa, na yaliyobaki kwenye chemba yanafanya ganda lisishike kuta zake.

Na mikono, wakuu. Vitambaa vile vina madini ya risasi, kutoka kwenye kichwa na kutoka kwenye fataki pia. Vaa glavu, fungua madirisha, usile wala kuvuta sigara ukiwa mezani, na ukimaliza nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa mtoto au chakula. Vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko vitupwe, visiachwe mezani.

DuaraLaKumi, tunasubiri karatasi zako. Andika aina ya risasi na namba ya toleo la sanduku pembeni ya kila kundi.